Kikapu cha duka la mtandaoni kinapoonyesha sivyo

"Mwanangu, watu wanaweka leso kikapuni, wakikifungua hakina kitu. Mimi nikijaribu hapa dukani naona sawa kabisa."

Simu hiyo ilinijia wiki moja kabla ya Idi, kutoka kwa mama mwenye duka la leso Biashara Street, Mombasa. Nusu ya wateja wake siku hizi hawakanyagi mjini: wako Mtwapa, Malindi, Nairobi. Tovuti nilimtengenezea mwenyewe kwa WordPress na programu-jalizi (plugin) ya WooCommerce, ile inayoendesha duka, na maneno yake yalinikata maini, kwa sababu mteja akikuta kikapu kitupu hapigi simu kuuliza. Anakwenda duka la pili.

Jibu lilikuwa tayari ndani ya maneno yake. Wateja hawaoni, mwenye duka anaona. Tofauti baina yao ilikuwa moja: yeye alikuwa ameingia kwa akaunti ya msimamizi. Programu za kache kwa kawaida humruka msimamizi, zikampa ukurasa uliopikwa saa ileile. Mteja asiye na akaunti hupewa kiporo, yaani nakala iliyopikwa zamani na kuwekwa ili tovuti iende mbio. Kiporo cha ukurasa wa "Kuhusu sisi" hakina ubaya. Kiporo cha kikapu kinaua biashara.

Kwa hiyo kabla hujagusa mpangilio wowote, litazame duka kwa macho ya mteja. Chukua simu, zima Wi-Fi ya dukani utumie bando, fungua dirisha fiche kwenye Chrome, usiingie kwenye akaunti yoyote. Weka bidhaa moja kikapuni, kisha fungua kikapu. Aliyelalamika muulize anatumia simu gani, kivinjari gani, na alikuwa ukurasa gani. Kama ana picha ya skrini, mwombe. Ukitanguliza kuzima na kuwasha programu-jalizi ovyo, utaifuta dalili, na dalili ndiyo inayokuongoza.

Mzigo, stakabadhi na karani

Kuna jambo moja likieleweka, mengine hurahisika. Bidhaa ambazo mteja ameziweka kikapuni hazikai kwenye ukurasa anaoutazama. Zinakaa kwenye hifadhidata ya seva, katika jedwali ambalo kwa kawaida huitwa wp_woocommerce_sessions. Simu ya mteja inabeba kidakuzi (cookie, alama ndogo ya utambulisho) tu, ambacho jina lake huanza na wp_woocommerce_session_. Ni kama kifurushi ulichokiacha ofisi ya basi pale Mwembe Tayari: mzigo uko stoo, mkononi una stakabadhi, na dirishani yuko karani wa kukutolea. Kikapu kikionyesha sivyo, ama mzigo haumo, ama stakabadhi imepotea, ama vyote viwili viko salama na karani anakuonyesha rafu ya jana.

Kutofautisha ni rahisi. Ukishaweka bidhaa, nenda moja kwa moja ukurasa wa malipo. Bidhaa zikionekana huko na kwenye kikapu hazionekani, mzigo upo. Kilichoharibika ni uonyeshaji. Na huko nako ukiambiwa hakuna kitu, tafuta stakabadhi: kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua "Application", kisha "Cookies", utazame kama kidakuzi hicho kipo. Ukikipata, utakuta pia jirani yake, woocommerce_items_in_cart. Vyote viwili vikikosekana baada ya kuweka bidhaa, seva haikutoa stakabadhi au kivinjari kimeikataa.

Kikapu ni kitupu ilhali mteja ameweka bidhaa

Mara nyingi ni kiporo, na njia ya kukithibitisha ni hii. Ukiwa ndani ya dirisha fiche, fungua F12, ingia "Network", pakia upya ukurasa wa kikapu, bonyeza mstari wa kwanza kabisa katika orodha, usome vichwa (headers) vya jibu la seva. WooCommerce yenyewe hutuma agizo la kutohifadhi kurasa za kikapu, malipo na akaunti ya mteja. Ukiona x-cache imeandikwa HIT, au "age" ikihesabu sekunde zinazozidi kukua kila ukipakia upya, kuna mtu katikati ambaye hakulisikiza agizo.

Kwa yule mama wa leso, nilipofika hapo nikakuta HIT. Programu-jalizi ya kache ilikuwa imepangwa vizuri. Niliikagua mara mbili. Iliyobaki ilikuwa kache ya seva yenyewe, ile ya kampuni inayohifadhi tovuti. Nikawauliza kanuni zao zinaruka kurasa zipi. Wakajibu: /cart/, /checkout/ na /my-account/. Basi nikaelewa. Sisi kurasa zetu tulizipa majina ya Kiswahili, /kikapu/ na /malipo/, kwa sababu wateja wake ni Waswahili na anwani ikisomeka inatia imani. Kanuni ya seva haikuzijua. Ukurasa wa malipo ulinusurika kwa bahati. Ukurasa wa kikapu ulihifadhiwa ukiwa mtupu asubuhi moja, na tangu hapo kila mgeni akapewa utupu uleule.

Sikubadilisha majina. Niliwaandikia waongeze anwani zetu katika kanuni yao, wakaongeza siku hiyo hiyo, tukafuta kache yote, kikapu kikarudi. Kama duka lako lina majina ya Kiswahili kwenye anwani, hili liwe jambo la kwanza kukagua. Kumbuka pia kwamba kache ina tabaka: iko ya programu-jalizi, iko ya seva, na ukitumia CDN, yaani seva za sehemu mbalimbali zinazogawa nakala za tovuti, iko ya huko nako. Kuzitoa kurasa hizo katika tabaka moja na kuliacha jingine ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani.

Hapa pana hatari kubwa kuliko kikapu kitupu. Ikiwa ukurasa wa malipo ulihifadhiwa wakati mteja mmoja ameshajaza fomu, mteja wa pili anaweza kuona jina, namba ya simu na mtaa wa mwenzake. Ukipata malalamiko ya "naona vitu ambavyo si vyangu" au "naona jina la mtu mwingine", usisubiri jioni. Zima kache yote dakika hiyo, hata tovuti ikienda polepole, ndipo uchunguze. Huo si ubovu wa uonyeshaji tena, ni kuvuja kwa data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 pale ambapo data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data.

Sababu nyingine za utupu hazina uzito huo. Iko ya www: mteja ameingia kwa anwani yenye www, kisha akabofya kiungo cha tangazo kisicho na www. Stakabadhi ya mlango mmoja huenda isitambulike mlango wa pili. Chagua anwani moja, iandike sawasawa katika mipangilio ya WordPress, na uiambie seva imhamishe kila anayekuja kwa ile nyingine. Iko na ya muda: mgeni asiye na akaunti, kikapu chake kwa kawaida hudumu siku 2. Aliyeweka leso Alhamisi akarudi Jumapili, kikapu kitakuwa kitupu na hakuna kilichoharibika.

Na katika "Status" ya WooCommerce, chini ya "Tools", kuna kitufe cha kufuta vikao vya wateja. Watu hukibonyeza wakidhani kinafuta kache. Kinafuta vikapu vyote vya wateja wote waliomo dukani saa hiyo, pamoja na vile vilivyohifadhiwa kwa wenye akaunti. Mchana wa wiki ya Idi usikiguse.

Kikapu ni sawa, lakini kihesabu cha juu kimeganda kwenye sifuri

Kale kanamba kando ya picha ya kikapu hakasomwi pamoja na ukurasa. Ukurasa ukishafika, hati ya JavaScript, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kivinjari, huiuliza seva "mteja huyu ana ngapi?" kupitia anwani yenye maneno wc-ajax=get_refreshed_fragments. Ombi hilo lisipokwenda, au likijibiwa vibaya, namba hubaki ilivyokuwa kwenye kiporo.

Tazama "Network" tena. Ombi likiwepo na jibu ni 403, yaani limekatazwa, huenda programu ya ulinzi inalizuia, liruhusu huko. Ombi lisipokuwepo kabisa, kuna mawili. Huenda programu ya kuongeza kasi imezima hati hiyo, maana programu nyingi za namna hiyo huwa na kisanduku cha kuizima, na watu hukitia alama kwa kusoma neno "kasi" tu. Au WooCommerce ilisasishwa ikafikia au kuvuka toleo la 7.8 la mwaka 2023, maana tangu hapo haipakii hati hiyo kila ukurasa bali pale tu penye wijeti ya kikapu. Mandhari (theme, yaani sura ya tovuti) ya zamani iliyojichorea kikapu chake juu ya ukurasa bila wijeti hiyo huachwa haina wa kuiulizia. Suluhisho safi ni mandhari iliyosasishwa. La haraka ni mistari miwili ya PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, kwenye mandhari tegemezi (child theme) inayoagiza hati ya wc-cart-fragments ipakiwe.

Namba ikichelewa sekunde tatu nne kisha ikabadilika, hilo si kosa. Mfikirie mteja aliye juu ya feri ya Likoni na bando linalokaribia kwisha. Ila kama umewasha mpangilio wa kuchelewesha JavaScript mpaka mteja aguse skrini, itoe hati ya kikapu katika orodha ya zinazocheleweshwa.

Kikapu kimevurugika sura

Hapa picha ya skrini inasema mengi, kwa hiyo itazame polepole.

Kikapu kikiwa hakina rangi wala mpangilio, maandishi meusi yamepangana kushoto, faili ya CSS, ile inayopanga sura ya ukurasa, haikufika. Fungua "Console" kwenye F12. Mistari ikitaja "mixed content", tovuti imehamia https lakini baadhi ya faili bado zinaitwa kwa http, na kivinjari kinazizuia. Rekebisha anwani mbili zilizo katika mipangilio ya jumla ya WordPress, kisha badilisha viungo vya zamani ndani ya hifadhidata kwa programu ya kutafuta na kubadilisha, baada ya kuchukua nakala rudufu.

Penye aikoni kukiwa na vijisanduku vitupu, fonti ya aikoni imezuiwa. Fonti ina masharti kuliko picha: ikitoka anwani tofauti na ya ukurasa, hata tofauti ikiwa ni www peke yake, kivinjari huikataa mpaka seva iseme wazi kwamba inaruhusu.

Kikapu cha simu kikitokea kwenye kompyuta, kila bidhaa ikiwa mistari iliyorundikana badala ya jedwali, hapo nimewahi kupoteza usiku mzima, nami nataka usipoteze wako. WooCommerce ina faili ya CSS ya skrini ndogo iitwayo woocommerce-smallscreen.css, na sharti lake ni kwamba itumike kwenye skrini isiyozidi pikseli 768. Sharti hilo limeandikwa kwenye kiungo kinachoiita faili, wala halimo ndani ya faili. Programu ya kuunganisha CSS ikizikusanya faili zote kuwa moja bila kulibeba sharti, kanuni za simu hutawala kila skrini. Zima kuunganisha CSS, futa kache, tazama. Ikiwa ndiyo hiyo, itoe faili hiyo peke yake katika muunganisho, mengine yaendelee.

Na kinyume chake, jedwali la kompyuta likibanana kwenye simu hadi bei inakatwa ukingoni: ijaribu kwa upana wa pikseli 360, ambao ndio upana wa simu nyingi za bei nafuu. Mara nyingi mandhari imelazimisha upana wa safu za jedwali. Pengine ni Kiswahili chetu chenyewe. "Add to cart" ina herufi na nafasi 11, "Weka kwenye kikapu" ina 18, na aliyechora kitufe hakutuwazia. Ruhusu maandishi ya kitufe yavunje mstari, au andika "Weka kikapuni". Usipunguze fonti hadi mama asisome bila miwani.

Sura ikivurugika ghafla baada ya kusasisha, nenda "Status" ya WooCommerce, shuka chini hadi "Templates". Mandhari nyingi hubeba nakala zao za faili za kikapu ndani ya folda ya woocommerce, kwa mfano cart/cart.php, na nakala hizo huzeeka. Zilizopitwa zinatajwa hapo pamoja na namba ya toleo. Mwombe mtengenezaji wa mandhari azisasishe. Kama nakala ni yako, linganisha na mpya ukahamishe mabadiliko yako. Kuibadili jina kwa muda faili iliyozeeka ni jaribio zuri, kwa kuwa WooCommerce itarudi kutumia ya kwake.

Kitufe cha kusasisha kikapu kimepauka hakibonyezeki

Kwenye kikapu cha mtindo wa zamani, kitufe hicho huamka pale tu idadi inapobadilika. Mandhari zinazoongeza vitufe vya kujumlisha na kutoa hubadilisha namba kwa hati yao, na hati isiyoandikwa vizuri husahau kutangaza kwamba namba imebadilika. Mteja anaona 1 imekuwa 3, kitufe bado kimelala, na jumla ni ileile ya doti moja. Jaribu kuandika 3 kwa kidole badala ya kubonyeza alama. Kitufe kikiamka, mkosaji ni hati ya vile vitufe, na anayeirekebisha anahitaji mstari mmoja tu wa kutangaza badiliko.

Isipoamka hata kwa kuandika, tazama "Console". Mstari mwekundu unaotaja jQuery, maktaba ya JavaScript inayotegemewa na hati nyingi, maana yake hati fulani imeanguka njiani na zilizo nyuma yake zimeanguka nayo. Mstari huo hutaja jina la faili, na ndani ya anwani ya faili mna jina la programu-jalizi. Soma hapo kwanza.

Ukurasa unaonyesha [woocommerce_cart] kama maandishi

WooCommerce imezimika, au msimbo huo umebandikwa ndani ya bloki (kipande cha ukurasa) ya kuonyesha msimbo wa programu, "Code". Ufute, uweke bloki ya msimbo mfupi ("Shortcode"), uandike upya kwa mkono.

Lenye utata zaidi ni kikapu kinachofanya kazi lakini kimepoteza kitu ulichokizoea, tuseme tangazo la "Tunafikisha Nyali na Bamburi siku hiyo hiyo" lililokuwa juu ya jedwali. Tangu toleo la 8.3, Novemba 2023, maduka mapya hupewa kikapu cha bloki badala ya msimbo mfupi. Kikapu cha bloki huchorwa na JavaScript ndani ya kivinjari, na programu-jalizi za zamani zilizojishikiza kwenye ndoano (hooks) za PHP hazina pa kushika humo. Hazitoi kosa lolote, zinanyamaza tu. Ama tafuta toleo linalotangaza kuauni bloki, ama rudisha [woocommerce_cart]. Mimi huwarudisha wengi kwenye msimbo mfupi, kwa sababu moja zaidi ya hapa kwetu: bado wako wanaotumia Opera Mini kuokoa bando, na hali yake ya kubana sana kurasa haimpi JavaScript nafasi ya kutosha kuchora kikapu kizima.

Bei si ile aliyoiona

Leso ya shilingi 1,000 ikiingia kikapuni ikawa 862, mteja hafurahii nafuu, anashuku. Hiyo ni bei bila VAT ya asilimia 16. Katika mipangilio ya kodi kuna chaguo mbili tofauti, moja ya bei zinavyoonyeshwa dukani na nyingine ya kikapu na malipo. Moja imewekwa "pamoja na kodi", nyingine "bila kodi". Zifanane. Na kama senti zinakusumbua, weka idadi ya desimali kuwa sifuri katika mipangilio ya jumla, palepale unapochagua shilingi ya Kenya.

Gharama ya kufikisha isipoonekana, kwa kawaida anwani ya mteja haijaangukia kanda yoyote ya usafirishaji. Ongeza njia ya kufikisha kwenye kanda inayokusanya waliobaki.

Bado humjui mkosaji

Chukua nakala rudufu. Weka programu-jalizi iitwayo Health Check & Troubleshooting, ambayo inakuzimia programu-jalizi zote na kukubadilishia mandhari wewe peke yako, wateja wakiendelea kuona duka la kawaida. Ziwashe nusu kwa nusu badala ya moja moja: katika 20, washa 10, tazama, kisha 5 za upande wenye tatizo. Kwa raundi 5 umemfikia, ikiwa mkosaji ni mmoja. Njia hii inakutaka uwe umeingia kama msimamizi, kwa hiyo kiporo haitakionyesha. Ndiyo maana kache tumeimaliza mwanzo.

Ukiona ukurasa mweupe au ujumbe wa kosa zito, usikisie. Fungua "Status", kisha "Logs", usome faili ya fatal-errors ya siku hiyo. Jina la faili iliyoanguka limeandikwa humo.

Ukisharekebisha, futa kache tabaka zote, kisha mpe simu mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti. Yule mama alimpa mjukuu wake. Akasimama nje ya duka kwa bando lake, akaweka doti moja kikapuni, akaongeza ya pili, akakifungua, akakuta mbili. Akalipa kwa M-Pesa, oda ikaingia, bibi yake akamkunjia leso zake.